Bega la Mbele Kushoto

Daktari alimwambia waziwazi, na Ebo Essilfie, mwenye jina la utani Chuma, akajifanya hakusikia. Miaka thelathini ya kunyanyua vyuma si kosa, alisema yule mama daktari. Kosa ni kunyanyua mpaka nguvu ziishe huku umebana pumzi, na shinikizo la damu linapanda miaka yote bila dawa. Ukuta wa moyo umeshanenepa.

"Mazoezi mepesi sawa, na dawa kila siku. Mizigo ya kujikamua, basi. Mshipa utapasuka."

Lakini Ebo alikuwa na kauli yake, aliyowalisha vijana wote wanaonyanyua vyuma nyuma ya soko: anayetoa pumzi ametoa nguvu. Ujinga mtupu! Ila uliposemwa na mtu mwenye mabega kama milango, nani angebisha?

Siku ya sikukuu akashika nafasi yake ya kila mwaka, mbele kushoto, chini ya machela ya chifu, kiti anachobebewa mabegani. Katika mji wao machela hayatui njiani. Yakitua, ni mkosi kwa wote, ndiyo maana wabebaji wa akiba hutembea kando, tayari kupokea. Lakini kupokewa ni aibu. Wauza samaki watakuimba hadi mwaka ujao.

Walipofika mlimani ngoma zikapamba moto. Chifu akainuka kucheza, machela yakayumba, uzito wote ukamwelemea Ebo. Akabana pumzi. Kichwa kikaanza kugonga, jicho la kushoto likaingia giza. Aliogopa, aliogopa kweli, maana akianguka yeye, chifu naye yuko chini.

Fiifi, mwanafunzi wake, alikuwa akitembea ubavuni pake.

"Kaka mkubwa, mbona umetoa macho? Umeona mzimu?"

"Nipokee."

"Acha masihara, bwana!"

"Fiifi, nipokee! Nakufa!"

Kijana akapenyeza bega, machela yakasonga mbele bila kusita. Ebo akapepesuka hadi kando ya mtaro, akaketi kwa kishindo.

"Jamani, Chuma kimeota kutu!" akapaza sauti muuza samaki mmoja. "Mleteeni uji!"

Umati ukaangua kicheko. Araba, mkewe, akawasukuma watu mpaka akamfikia, akamfuta jasho kwa ncha ya kitambaa chake.

"Baba Efua, dawa ulimeza?"

"Nilizitupa."

"Ulizitupa!" Akaacha kumfuta. "Mimi na watoto ulitutupa wapi?"

Ebo akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka mbele za watu, kitu ambacho mji ule haukuwahi kukiona.

"Wananicheka, Araba."

"Wacha wacheke. Wangekuwa wanalia, ningekuwa nimevaa nyekundu na nyeusi za msiba. Inuka, twende kwa daktari."

Akainuka, akamwegemea, wakapita katikati ya vicheko.