Askari Waliokufa Mwenyewe Hayupo

Binti yangu wa pili ana macho yanayoweza kumwona kiroboto akipiga miayo. Msinibishie, nimemzaa mimi. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, na haya ninayotafunia ni kazi ya mkono wake. Siku ya kwanza kuyavaa nilitafuna nyama, nikatafuna mfupa, nikaanza na ukingo wa sahani, ikabidi waninyang'anye. Karakanani wanamwita Fundi. Nyumbani ana mume, watoto wawili, mimi, na rundo la nguo chafu ambalo halijawahi kuisha tangu nihamie.

Mtu kama huyo akipata nusu saa, ungetegemea alale. Yeye hapana. Akishamimina plasta kwenye kalibu, lazima asubiri igande. Wenzake muda huo wanachezea simu. Yeye anatoa kijisanduku mkobani, ndani mna visanamu vya askari, hakuna anayezidi kidole gumba, anawapaka rangi kwa brashi yenye unywele mmoja na nusu. Anapaka kofia, anapaka vifungo vya koti, anapaka mpaka mboni ya jicho! Akifika kwenye jicho anabana pumzi, na mara moja alibana hadi nikaanza kumlilia.

"Fundi, bado una midoli yako?" wenzake humtania.

"Midoli hulala kitandani," huwajibu bila kuinua kichwa. "Hawa wanakwenda vitani."

Na vitani walikwenda kweli. Ni mchezo wa mezani, wenye dadu, rula ya kupimia hatua za askari, na kitabu kinene cha sheria ambacho mimi siwezi kukisoma ila nilikitumia vizuri tu kuinulia mguu wa kabati mpaka wakakitafuta. Adui yake alikuwa rafiki yake wa tangu shule. Huyo yuko ofisi ya vibali, na kwa jinsi anavyogonga karatasi kutwa nzima tulimbatiza Muhuri. Kwa Muhuri kuna chumba cha ziada, kwa hiyo meza ya vita ilikaa huko, na milima yake ya maboksi na mto wake wa gundi, imefunikwa shuka. Jeshi la Fundi nalo lilikaa huko huko, kwa sababu wajukuu zangu waliwahi kumpika supu jemadari mzima.

Kila Jumamosi ya pili, mchana, walikutana. Miaka sita, vita ni vile vile: Malkia wa Fundi anataka kuvuka daraja, majeshi ya Muhuri yanasema havuki mtu. Walikuwa na sheria mbili zao wenyewe, hazimo kitabuni. Ya kwanza, askari ambaye hajapakwa rangi hakanyagi meza. Ya pili ndiyo niliyoipenda. Askari akifa hatupwi. Aliyemuua humchorea utepe mweusi mkononi, na vita vinavyofuata anarudi kama mdogo wa marehemu, amekuja kulipa kisasi. Kuna mpiga tarumbeta mmoja wa Fundi alikuwa na tepe tano. Nikasema, huyo mama yao nionyesheni nimpe pole na hongera kwa pamoja.

Mwaka huu kazi ikamwelemea Fundi. Mwenzake mmoja alikwenda likizo ya uzazi, akaachiwa meno ya watu wawili. Jumamosi ya kwanza ikampita, ya pili ikampita, hadi ikatimia miezi minne. Na kilichobaki kilikuwa pigano moja tu, la daraja, la mwisho. Kila mara alimpigia Muhuri simu.

"Rafiki yangu, nisamehe. Jumamosi hii tena siwezi."

"Wewe fanya kazi," Muhuri anamjibu. "Vita haviendi popote bila wewe. Hata shuka sijaifunua."

Niliyasikia mwenyewe, kwa kuwa sikio langu lilikuwa limepita karibu na simu kwa bahati mbaya.

Basi Fundi akawa anajinyima chakula cha mchana ili amalize kikosi kipya cha wapiga mishale kumi na wawili. Akimaliza mmoja ananiletea.

"Mama, huyu unamwonaje?"

"Kama marehemu baba yako siku ya harusi. Anatafuta mlango."

Mwisho akaipata Jumamosi yake, kwa kwenda kazini Jumapili tatu mfululizo. Siku hiyo alivaa gauni la kutokea. Kwa midoli! Tukaenda sote wawili, mimi nimepakata sanduku la wapiga mishale kama nimebeba mayai ya mfalme. Muhuri akatupokea vizuri, akatukumbatia, akasema chai i jikoni. Chumbani meza ilikuwa na shuka yake, imenyooshwa vizuri.

Fundi akaifunua. Akatabasamu. Kisha akainama, tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe hayumo.

"Muhuri."

"Enhe?"

"Mpiga tarumbeta wangu alikuwa na tepe tano."

Muhuri akaanza kuikunja shuka.

"Sasa ana saba."

"Labda ulikosea kuhesabu, rafiki yangu. Siku nyingi..."

"Macho yao nimeyapaka mimi, moja moja. Nikosee tepe?" Akamwinua mshika bendera. "Huyu hajawahi kufa. Ana utepe." Akamwinua mwingine. "Na huyu."

Mimi nilinyamaza, na mimi kunyamaza ni kama mto kupanda mlima.

"Ni mwenzangu mmoja wa ofisini, wa dirisha la tatu," Muhuri akasema hatimaye. "Alikuja siku moja akaiona meza, akaomba ajaribu tu. Nikasema, mara moja. Halafu wewe ukawa huji, na mimi nina Jumamosi hizo mbili tu kwa mwezi..."

"Mara ngapi?"

"Sita."

"Kwa jeshi langu?"

"Hana jeshi, jamani."

"Na daraja?"

Muhuri akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. Nikatazama dari. Dari yao nzuri sana.

"Malkia amevuka," akasema. "Yaani upande wako ndio ulioshinda." Halafu, Mungu amsamehe, akaongeza: "Hongera."

Nimeona watu wakipigwa makofi maishani, nami nimepiga machache. Sijaona lililotua kama hongera ile.

"Miaka sita namvusha," Fundi akasema polepole. "Kavuka, mimi niko karakanani napiga msasa meno ya watu."

"Lakini nimemrudisha! Nimewarudisha wote mahali pao, tazama, kila mmoja! Tulicheze pigano letu, tufanye kama halijatokea kitu."

"Ucheze nami vita unavyojua mwisho wake?"

"Nilitaka usiumie."

"Ungeniambia umechoka kunisubiri, ningeumia siku moja. Uliniambia shuka hujaifunua."

Hapo ulimi ukanitoroka. "Muhuri, mwanangu, kama ulitaka kuficha, mbona tepe ukawachorea?"

Akanishangaa kabisa, machozi yanamtoka. "Mama, si wamekufa? Mtu akifa nisimchoree?"

Huyo ndiye Muhuri. Rafiki aliweza kumdanganya miezi minne, lakini maiti wa plastiki hakuweza kumnyima haki yake.

Fundi hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikusanya jeshi lake askari mmoja mmoja, akiwafunga kwa karatasi laini, na chai ikachemka jikoni mpaka ikaungua, tukainusa sote watatu, hakuna aliyekwenda kuizima. Malkia alimchukua wa mwisho kutoka upande wa mto wa kabla ya daraja, ambako Muhuri alikuwa amemrudisha.

Sasa ni wiki ya tatu. Plasta ikiganda karakanani, naambiwa anakaa tu anaiangalia. Jana nilipanga wale wapiga mishale kumi na wawili kwenye meza ya kulia chakula, maskini, hawajawahi kurusha hata mshale mmoja. Nikamwambia, nifundishe.

"Mama, wewe utaiba."

"Nitaiba, ndiyo. Lakini nitaiba unaniangalia."

Akacheka upande mmoja wa mdomo. Akavuta kiti, akashika dadu, akaanza kunionyesha wangapi wanaruhusiwa kusogea. Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Muhuri. Ilitetemeka ikasogea, ikasogea, ikamgonga mpiga mishale wa mwisho, akaanguka kifudifudi.

Fundi akamwinua yule askari, akamkagua pua kama haijachubuka. Simu akaiacha ilie mpaka ikachoka.