Hesabu ya Makunyanzi Mawili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, meneja aliniita ofisini kwake akanipa karatasi ya maoni ya mgeni. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mjane, na kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mapokezi ya hoteli moja mjini Kericho. Mgeni aliandika kwamba chumba kilikuwa safi na chai nzuri, ila mwanamke wa mapokezi alimpokea kwa hasira.

"Sikuwa na hasira," nikasema.

"Najua, mama. Lakini uso ulikuwa nayo." Akafungua droo, akatoa karatasi nyingine mbili. "Hii ni ya tatu. Wenye hoteli wamezisoma zote. Nakupa miezi mitatu. Ikija nyingine, unaenda dobi."

Dobi ilikuwa kufua na kupiga pasi shuka nyuma ya jikoni, na mshahara kushuka kutoka elfu nne mia mbili hadi elfu mbili mia tisa.

Nilikwenda kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi nikajiangalia kama mtu anayesoma mita. Makunyanzi mawili yalisimama wima kati ya nyusi, la kushoto refu kuliko la kulia. Nilijua yalikotoka. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine yote nilijisomea mwenyewe, bila miwani: magazeti yaliyoachwa na wageni, kamusi, kitabu cha uuguzi kisicho na jalada. Miaka zaidi ya ishirini ya kukaza macho.

Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi nikiwa nimeinua nyusi. Mwenzangu wa mapokezi, msichana aliyetoka upande wa Kisii, alivumilia siku mbili.

"Mathe, leo umeona nyoka?"

"Nimetulia tu."

"Aki hujatulia, umeshtuka. Wageni watafikiri hoteli inaungua."

Nikishusha nyusi, nina hasira. Nikiziinua, nimeshtuka. Kila jioni niliondoka pale na maumivu ya kichwa yaliyoanzia paji la uso hadi kisogoni.

Katika gazeti la wanawake lililoachwa chumbani na mgeni niliona tangazo la daktari wa ngozi, Nairobi: sindano za kuondoa makunyanzi. Nikapiga simu, nikaomba ruhusa ya siku moja, nikaenda. Daktari alikuwa mwanamke mpole na hakunificha lolote nililouliza. Kosa ni kwamba sikujua la kuuliza. Alinieleza kuwa dawa inaitwa kolajeni, na kwamba inajaza mfereji wa ngozi kutoka chini. Akanidunga kidogo kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, kwa majaribio. Tungengoja wiki nne. Mkono ukivimba, hatuendelei. Majaribio yalikuwa elfu moja mia tano. Sindano yenyewe elfu kumi na mbili mia tano, na kati ya hizo nilitoa elfu nne siku hiyo hiyo, ili dawa iagizwe kutoka nje kwa jina langu. Risiti ilisema fedha hazirudishwi. Nikatia sahihi. Zilikuwa pesa za mabati ya jikoni kwangu.

Elfu nane mia tano zilizobaki sikuwa nazo. Lakini katika daftari langu nilikuwa nimeandika: ng'ombe mmoja, elfu kumi na nne. Mume wangu, kabla hajafa, alimweka ng'ombe huyo kwa rafiki yake karibu na Sosiot, kama tufanyavyo Wakipsigis. Mlezi anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na baada ya miaka kadhaa mlezi hupewa ndama jike wa kuanzia boma lake. Ng'ombe wa namna hiyo yupo na hayupo. Ndama wake wa kwanza tulishawauza; yeye mwenyewe nilimhesabu kama pesa iliyo benki.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Sosiot. Yule rafiki wa mume wangu, sasa mzee, akaniwekea kiti, mkewe akanimiminia maziwa ya kibuyu. Nilieleza kila kitu, kwa sababu mtu haji kuchukua ng'ombe bila kusema sababu.

"Hiyo dawa inatengenezwa na nini, shemeji?"

Karatasi ya daktari nilikuwa nimeisoma yote. "Ngozi ya ng'ombe."

"Sema tena."

"Wanaisafisha kwanza..."

"Uuze ng'ombe wa marehemu, upande basi mpaka Nairobi, udungwe ng'ombe kwa uso?" Alicheka mpaka akafuta macho.

"Asipite karibu na dume tu," mkewe akasema kutoka mlangoni.

"Shemeji, ngozi si hii nimekalia?" mzee akaongeza. "Beba. Lala nayo bure."

Nilicheka nao, nyusi zikiwa juu. Kisha mzee akanyooshea kidole mlango wa zizi.

"Ng'ombe ni wako, siwezi kukataa. Kamba iko pale. Lakini ana mimba ya miezi mitano. Nimemlea miaka sita, na mume wako aliniambia ndama wa baada ya miaka sita, akiwa jike, ni wangu. Ukimchukua leo, unaniachia nini?"

Ndama jike hakupungua elfu sita. Nikimlipa mzee elfu sita kutoka kwenye elfu kumi na nne, zinabaki nane, na mimi nilihitaji nane na nusu. Nikamaliza maziwa, nikaaga, kamba nikaiacha pale ilipokuwa.

Wiki nne zikapita na mkono haukuvimba. Kila asubuhi niliuangalia nikitamani uvimbe, ili uamuzi usiwe wangu. Nikarudi Nairobi kuuliza nililopaswa kuuliza mwanzoni: sindano moja inakaa muda gani?

"Miezi mitano," daktari akasema. "Kwa wengine sita."

"Halafu?"

"Halafu unarudi tena."

"Na nisiporudi?"

"Makunyanzi yanarudi yenyewe."

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikatoa daftari. Sindano mbili kwa mwaka pamoja na nauli: elfu ishirini na sita mia mbili. Kushuka dobi kungeninyima elfu moja mia tatu kwa mwezi, yaani elfu kumi na tano mia sita kwa mwaka. Na kuacha katikati kusingewezekana. Meneja akishazoea uso laini, siku makunyanzi yatakaporudi angesema nimeanza tena. Ningekuwa nimefungwa kwenye sindano hadi kustaafu.

Niliomba elfu nne zangu. Karani aligeuza risiti akanionyesha sahihi yangu.

Karatasi ya nne ya maoni ilifika zikiwa zimebaki siku tisa za ile miezi mitatu. Meneja hakuniketisha. "Nilikuambia, mama," akasema, akanipa funguo za chumba cha shuka.

Dirisha la dobi lilitazama ukuta wa jikoni. Mvuke wa pasi ulijaa tangu asubuhi, na hakuna aliyejali kama nilikunja uso au niliukunjua. Nilikaa humo miezi ishirini na sita, nikaacha kazi, nikarudi nyumbani kuchuma majani ya chai kwenye kishamba changu. Siku ya mwisho niliandika jumla: mshahara uliopungua, elfu thelathini na tatu mia nane, majaribio, elfu moja mia tano, pesa ya dawa ambayo sikudungwa, elfu nne, nauli za safari mbili, elfu moja mia mbili, simu, sitini. Hasara yote, shilingi elfu arobaini, mia tano na sitini.