Namba Aliyoiona Paskali

Mwalimu Paskali hakuweza kuvumilia sauti ya maji yakijaa kwenye ndoo. Wanafunzi wake wa Kiomboi walimwona akiondoka ghafla bombani, jasho likimtoka, wakadhani ana homa.

Mwaka 1966 yeye na Fabiano wa Iguguno walikuwa ng'ambo wakisomea mambo ya kinu cha nyuklia. Kazi yao ilikuwa kupima. Fimbo za madini ya urani zilisimamishwa kwa safu ndani ya tangi, kisha maji yakaongezwa kidogo kidogo. Maji hupunguza mbio za nyutroni, chembe zisizoonekana kwa macho. Zikipungua mwendo, huzidi kupasua urani na kuzaliana. Paskali alisoma namba ya nyutroni kwenye kipimo. Ilikatazwa kusogelea tangi maji yakipanda, lakini fimbo moja iliinama, na Fabiano akaenda kuinyoosha.

Alipokuwa akiinyoosha, namba ikaongezeka maradufu, kisha maradufu tena. Paskali alidhani kipimo kimeharibika. Akakigonga kwa kiganja. Alipoinua macho, maji yalikuwa yamewaka rangi ya buluu, na Fabiano anatazama mikono yake.

Fabiano alifariki siku ya tisa, kwa mionzi.

Miaka mitatu baadaye Leah, mama wa Fabiano, alisikia Paskali yuko Kiomboi. Akapanda basi, akamkuta darasani peke yake, anafuta ubao.

"Barua ilisema ajali," alisema. "Ajali gani, mwanangu? Gari?"

Paskali angeweza kuitikia tu. Badala yake alivuta benchi, akamkalisha, akamweleza yote, hadi kile kiganja alichogongea kipimo.

"Kwa hiyo uliiona hiyo namba."

"Niliiona, mama."

"Na hukupiga kelele."

"Sikupiga."

Kengele ya chakula ikalia. Leah akafunga khanga yake vizuri. "Mimi maneno haya siwezi kumpelekea baba yake. Njoo Jumapili, umwambie mwenyewe."

Jumapili Paskali akaenda. Mzee Gabrieli, baba wa Fabiano, alisikiliza mpaka mwisho, akachukua fimbo yake, akafuata ng'ombe.

Paskali alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine nyingi, akilima nao alizeti. Hata mwaka walipobomoa nyumba yao kuhamia kijiji cha ujamaa, ni yeye aliyebeba mlango. Kila alipofika aliinama na kusema, "Shikamoo, baba." Mzee aliendelea kupalilia. Hakuitikia hata siku moja.