Bawaba Iliyolegea

Macho yalipoanza kunisumbua, niliacha kuendesha lori. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikipeleka kabichi na karoti Dar es Salaam kutoka Lushoto, nikilala nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Mke wangu alifurahi. Watoto walipiga simu kunipa hongera. Siku ya kwanza niliketi barazani, nikanywa chai, nikamaliza, nikatazama saa. Saa mbili asubuhi.

Wiki hiyo hapakukalika. Nilihamisha banda la kuku, kisha nikalirudisha. Nilimfuata mke wangu jikoni nikamwambia sufuria zake zimepangwa vibaya. Nilishuka hadi stendi, nikatazama magari yakiondoka kwenda Mombo, nikapanda tena kilima. Lori lolote likibadili gia kule bondeni, mguu wangu ulikanyaga klachi isiyokuwepo.

"Baba watoto, hebu keti," mke wangu alisema. "Unanizungusha kichwa."

Ndipo majirani wakaanza kunihitaji. Mwalimu mstaafu anayekaa juu yetu kilimani alikuja akisema bomba lake linavuja. Mzee wa kanisa, ambaye shamba lake limepakana na letu, aliniomba nikaze bawaba ya mlango wa zizi la mbuzi. Nilikwenda mbio. Nilijiona mtu tena.

Siku mbili baadaye yule mzee alinipigia hodi. "Jirani, ule mlango umelegea tena."

Nilikwenda na bisibisi yangu. Bawaba ilikuwa inaning'inia. Skrubu zake nne zilikuwa juu ya ukuta, zimepangwa mstari mmoja.

"Hizi zimetoka zenyewe?" nilimwuliza.

Mzee alitazama mlima wa mbele kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Mkewe, aliyekuwa akikata majani ya mbuzi, alishindwa kujizuia, akacheka.

"Usikasirike, shemeji. Mama watoto ndiye aliyetuomba. Alisema tukutafutie kazi kabla hujabomoa nyumba."

Nilikaza skrubu zote nne. Nilirudi kwa njia ndefu, masikio yanawaka. Nilimkuta mke wangu uani anachambua maharage.

"Umenitangaza mtaani kama mtoto mtukutu."

"Nimekuombea kazi. Kuna ubaya?"

"Ulishindwa kuniambia mwenyewe?"

Aliweka ungo chini. "Ningekuambia nini? Nilikusikia kwenye simu ukimwuliza tajiri wako kama lori limepata dereva."

Ilikuwa kweli, nami nilidhani alikuwa kisimani.

"Ukungu ukishuka kwenye zile kona za Soni, macho yako hayatakusaidia," alisema. "Miaka yote hiyo nimelala nikisikiliza honi yako. Sitaki kusikiliza tena."

Hakuwahi kuniambia hayo. Kila nilipofika nyumbani alinipa maji ya kuoga na chakula, akaniuliza habari za safari, basi. Niliketi kwenye kigoda karibu naye nikaanza kuchambua maharage, vibaya, nikiacha mawe.

"Amepata dereva," nilimwambia hatimaye.

"Alhamdulillahi."

"Na bomba la mwalimu? Nalo mlilifungua makusudi?"

"Hapana. Lile lilikuwa bovu kweli."

Siwezi kusema kwamba nimetulia. Asubuhi nyingine huzunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kilichoharibika. Pasipo na kitu, majirani hunikalisha na kunipa uji, nami hukaa hadi miguu ikatae kutulia. Juzi mke wangu alitaka twende Gare kwa miguu kumwona dada yake. Nilitangulia. Kwenye mwinuko niligeuka, sikumwona. Nilimngoja chini ya mparachichi, nikisimama, nikiketi, hadi akatokea akihema, kikapu kichwani.

"Una haraka ya nini?" aliuliza.

Nilimpokea kikapu, tukaendelea bega kwa bega. Hatua kama ishirini hivi, nikamsikia akicheka nyuma yangu. Nilikuwa nimeshamwacha tena.