Kipimo cha Mama Pooja

Daktari alimwambia Bhanumati atembee, la sivyo magoti yatakakamaa. Akatembea kwa kununa, kisha akapenda. Kila Jumapili alivaa raba za binti yake Pooja, akapandisha sari kidogo, akaenda vilimani nyuma ya Katoro kula chapati zake peke yake, mahali ambapo hakuna mteja wa kumuuliza bei ya misumari.

Mwaka 1997 alipotea kwenye msitu wa miyombo. Alirudi jioni juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amekaa kwenye mihogo kama bibi harusi. Mumewe Velji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakucheka.

"Hutoki tena peke yako," alisema.

Aliyemwokoa na katazo hilo ni mpwa wake Sanket, aliyekuja likizo kutoka Uingereza. Alimwachia GPS yake ya kutembelea milimani, kidude cha kijivu kinachoenea kiganjani. Ukiweka alama nyumbani kabla ya kutoka, mshale wake hukuonyesha njia ya kurudi.

"Inaweza kukosea kwa urefu wa uwanja mzima wa mpira, shangazi."

"Kwa umbali huo duka nitaliona."

Ili kinase setilaiti, Bhanumati alilazimika kusimama mahali pa wazi, kukiinua na kusubiri. Katoro ni mji wa dhahabu, na watu wana macho; kidude wakakiita kipimo. Jumapili ya pili alikuta pale alipokulia chapati pana duara, shimo la kutafutia dhahabu, linalomfika mtu kifuani, na wachimbaji wanazidi kushuka.

"Hiki ni cha kunionyesha nyumbani kwangu tu," aliwaambia.

Wakaangaliana. Mtu mzima gani asiyejua kwake?

Alieleza mpaka akachoka. Kila aliposimama, kesho yake palichimbwa. Ndipo Apolonia, muuguzi wa zahanati, alipomlalamikia kwamba choo kimejaa na kamati imekaa vikao bila kutoa hata sururu. Jumapili hiyo Bhanumati hakupanda kilima. Alikwenda nyuma ya zahanati, akainua kipimo, akasubiri, akaguna taratibu, kisha akaondoka haraka kama mtu anayeficha jambo.

Katikati ya wiki Apolonia alikuwa na shimo refu, kuta zimenyooka. Baada ya hapo soko likapata shimo la taka. Bhanumati aliwapelekea wachimbaji birika la chai na maandazi, na dhamiri yake ikatulia. Ukweli alikwishawaambia.

Mchimbaji mmoja, Mihayo, alitoka kwenye shimo la soko na vumbi tupu. Akakaa ukingoni kupumzika. Mama mmoja akaja, akamwaga maganda ya ndizi ndani, akamshukuru. Mihayo akafikiri kidogo, akaenda dukani.

"Shikamoo, Mama Pooja."

"Marahaba, Mihayo."

"Naomba uniazime kipimo. Nami nataka kupotea kidogo."

Wateja walikuwa wanasikiliza. Akampa. Mihayo akazunguka duka, akasimama mbele ya mlango, akainua kidude, akakifunika kwa kofia watu wasichungulie, akaondoka akipiga mluzi.

Asubuhi Velji alifungua mlango, nusura atumbukie. Wateja walipita juu ya ubao siku nzima. Bhanumati alicheka mpaka akakalia mfuko wa saruji, kisha akamweleza mumewe yote.

"Kwa hiyo choo cha zahanati ni wewe?" aliuliza Velji.

"Ni mimi."

"Na shimo la soko?"

"Hilo pia."

Velji akachungulia shimo la mlangoni. "Na shimo la tangi letu la maji, ninalolililia tangu mwaka jana, hukulikumbuka?"

Mihayo alirudi na wenzake wakafukia. Bhanumati akamwomba amsindikize Jumapili, ajionee mshale ule unavyofanya kazi, akawaambie wengine kwa lugha watakayoiamini. Lilikuwa kosa. Mji ulipowaona wawili hao pamoja na kipimo, ulipata uhakika kwamba wameingia ubia. Walipofika mteremkoni, vichaka nyuma yao vilijaa watu wanaookota kuni kwa sururu.

Bhanumati alihema, akatafuta jiwe la kukalia.

"Hapa usisimame, mama," Mihayo alinong'ona, akimshika mkono. "Hili shamba ni la mama mkwe wangu."