Pamba, Kijibwa cha Chumba Kimoja

Ipo siku moja, mwanangu, inayonirudia kila nionapo kijana amepakata kijibwa cha manyoya na kutabasamu. Sikusimulii niliyoyasikia. Nakueleza niliyoyafanya mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mimi na mume wangu tulitoka Kilimanjaro tukapanga chumba kimoja Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na uani jiko, choo na mitungi ya maji ya wapangaji wote. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwajabu, mjane mtu mzima, mtu wa swala tano. Mume wangu alikuwa mpishi wa Wazungu. Alitoka alfajiri na kurudi usiku.

Mwaka ule tulimzika binti yetu Anna, akiwa na miezi minane. Majirani wakaacha kuniita Mama Anna, wakidhani wananihurumia. Bi Mwajabu peke yake hakuacha. Nakwambia haya ili ujue nilikuwa katika hali gani nilipoamua jambo lile.

Wale Wazungu walipofunga mizigo kurudi kwao, walimuuliza mume wangu kama atamchukua mbwa wao. Alikuwa kijibwa cha kupakata, mdogo kama paka, pua bapa, manyoya meupe mpaka machoni. Mume wangu alisita.

"Chumba chenyewe ndiyo hiki," akasema.

"Ni mdogo," nikamjibu. "Atachukua nafasi gani?"

Nilitazama ukubwa wa mbwa. Sikutazama maisha yake. Nikamchukua, nikamwita Pamba.

Athumani, fundi baiskeli wa chumba cha mbele, alipomwona alicheka hadi akashika mlango. "Shemeji, huyo mbwa au mto umefumuka? Mwizi akija atamlamba mpaka achoke mwenyewe!" Nami nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Bi Mwajabu hakucheka. Aliniita uani. "Mama Anna, chumba unakilipia, sikuingilii. Lakini mbona hukutuuliza? Ukumbini tunapita na udhu, na maji yetu yako hapa. Akilamba chombo changu, nina kazi ya kukiosha mara saba, moja kwa udongo. Basi asivuke kizingiti chako."

"Ndiyo, Bi. Hatavuka."

Niliitika upesi, maana kwa mkubwa kama yule sikujua kuitika vingine. Sikujiuliza: asipovuka, hewa ataipata wapi? Nilikuwa nikimtoa alfajiri na jioni, nimemfunika kwa kanga, tunakwenda uwanjani mara moja na kurudi. Mchana kutwa alibaki chumbani, bati likiwaka juu yake. Nilimwona anahema ulimi nje hata akiwa amelala, nikajiambia ndivyo walivyo mbwa wa Kizungu. Alilala miguuni pangu, na mimi nikaanza kupata usingizi. Nilipata nilichokitaka, nikadhani naye amekipata chake.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa pili, jua kali. Nilikwenda sokoni kununua ndizi za kupika. Nilifunga dirisha ili akibweka asiwaudhi watu, nikatia kufuli. Sokoni wakasema lori la ndizi kutoka Moshi liko njiani. Nikangoja. Wanawake wa kwetu walikuwapo, tukazungumza Kichaga, wakanipa pole, nikalia kidogo, moyo ukawa mwepesi. Pamba nilimkumbuka mara moja tu. Nikajiambia, amelala.

Niliporudi, adhuhuri ilikuwa imepita. Nilikuta kufuli limevunjwa. Nikadhani ni mwizi. Kisha nikamwona Bi Mwajabu uani, ameketi chini, Pamba yuko mapajani mwake, anammwagia maji kwa kopo. Kanga yake ilikuwa imelowa maji na mate ya mbwa. Athumani alisimama kando na nyundo mkononi.

"Alikwaruza mlango tangu saa nne," akasema Athumani, bila mzaha wowote. "Halafu akanyamaza. Bi akaniamuru nivunje. Akaingia kumchukua mwenyewe, hakuniachia."

Nikapiga magoti. Pamba alinitazama, mkia ukatikisika mara moja. Akafa kabla maji ya kopo hayajaisha.

"Bi, nisamehe," nikasema. "Kanga yako—"

"Kanga yangu!" Hakupaza sauti. "Mate ya mbwa yana maji na udongo wa kuyaosha. Nitaosha, nitaswali. Wewe hili la kumfungia kiumbe wa Mungu ndani ya tanuri, utaliosha kwa kitu gani?"

Alimlaza Pamba chini taratibu.

"Nilipokupa sharti lile," akasema, "nilingoja uniambie, Bi, basi nyumba hii haimfai. Tungemtafutia pa kukaa. Wewe ukasema ndiyo. Na mimi niliposikia ndiyo yako, nikaona mambo yamekwisha. Nina fungu langu la lawama hapo."

Mwanangu, fungu kubwa ni langu. Sijalipunguza kwa miaka yote hii.

Basi ukitaka kufuga kijibwa cha ndani, usianze kupima ukubwa wake. Uliza nani atakuwa naye saa sita mchana, maana mbwa wa kupakata amezoeshwa kuishi na mtu, na kukaa peke yake kutwa kunamtesa. Mwenye pua fupi na manyoya mengi hustahimili joto letu kwa shida. Hivyo tazama nyumba yako ina hewa na kivuli, na ina mlango wa yeye kutokea. Waulize unaokaa nao, wanaoswali na wanaoogopa mbwa, kabla hujamleta. Wakikupa ruhusa yenye sharti ambalo mbwa hawezi kuishi nalo, hiyo si ruhusa, hata wakikupa kwa heshima.

Na kama una msiba, ngoja kwanza. Si aibu kufarijiwa na mnyama. Pamba alinifariji kweli. Lakini mfiwa huona zaidi anachohitaji yeye. Ukishaona nyumba inamfaa, mfuge, nami nitafurahi pamoja nawe. Ukiona haimfai, sema hapana mapema, wakati bado yupo mwingine wa kumchukua.

Mungu akupe ujasiri wa kusema hapana mbele ya wakubwa kwa adabu, akutulizie moyo pale unapouma, na kila atakayekutegemea asijutie kukutegemea. Amina.