Shingo ya Mskoti

Ipo siku moja ya kiangazi cha mwaka 2014, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata tonge la ugali hunipita kooni polepole. Usinicheke kwa kuongea kama mzee. Kwetu Heru Juu mtu huanza kutoa nasaha siku watoto wake wanapoanza kumjibu, na wangu walianza mapema.

Kwanza utujue. Sisi ni watu wa mashaka. Mtu akitusalimia mara mbili, tunajiuliza ile ya pili ni ya nini. Tumekaa karibu na mpaka, tumepokea wengi, wema na wabaya, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Silaumu mashaka hayo, maana yamewahi kutuokoa. Lakini ngoja nikusimulie.

Mimi na kaka yangu Bukuru ni mapacha. Yeye alitangulia kutoka akabeba nguvu zote. Mimi Butoyi nikafuata nyuma nikaokota maneno yaliyobaki, ndiyo maana nilifika kidato cha nne na kujua Kiingereza cha kuombea maji. Katika mieleka yetu ya kijijini, ambayo mgongo ukigusa ardhi umeshindwa, hakuna aliyewahi kumlaza Bukuru, si Heru Juu wala Kasulu mjini.

Mwaka huo nilikuwa Kibondo, nafanya kazi kwenye kibanda cha video karibu na soko. Bukuru alikuja kunitembelea, tukaangalia pamoja mieleka ya Ujapani. Humo mlikuwa na pande la mzungu mwenye ndevu nyekundu, wanamwita Mskoti. Aliwarushia wenzake unga machoni, akawang'ata masikio, akampiga kwa kiti mtu aliyekwisha kuanguka. Kibanda kizima tulimlaani, na mama muuza karanga akaapa kwamba yule si mtoto wa mtu.

Haikupita muda Bukuru alikuwa amerudi nyumbani, akanipigia simu.

"Butoyi, lile jitu la kwenye video liko hapa!"

"Hapa wapi?"

"Zahanati! Linateka maji. Yule nesi mzungu ndiye dada yake."

Nilidhani amekunywa. Nilipopata ruhusa nikapanda gari hadi Kasulu, nikamalizia kwa bodaboda, nikaenda kuchungulia mwenyewe. Alikuwa ndiye, ndevu zilezile, kabeba ndoo mbili. Jina lake lilikuwa Kalumu. Na kwenye paji la uso alikuwa na makovu madogo madogo, yamepangana. Mwanangu, sisi tunajua chale tukiziona.

Basi maneno yakaota miguu. Dada anatoa damu za wajawazito, anasema anazipima. Kaka ana chale za mganga usoni, na tumemwona kwa macho yetu anavyotesa watu. Sasa hizo damu zinakwenda wapi? Neno mumiani lilipotamkwa gulioni mara moja tu, mabenchi ya zahanati yakabaki matupu. Wasemao husema lisemwalo lipo, na sisi tuliona hilo linatosha kuwa ushahidi.

Hapo ndipo jambo lilipotugusa sisi wenyewe. Yustina, mke wa Bukuru, mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika kwa upungufu wa damu, nusura tumzike na yeye. Sasa alikuwa na ya pili, na macho yalikuwa yameanza kuwa meupe tena. Bukuru akampiga marufuku kukanyaga zahanati. Nilimwona shemeji yangu akipumzika mara mbili kati ya jikoni na mlangoni, na bado sikumwambia kaka yangu kitu, kwa sababu hata mimi nilikuwa namwogopa yule mtu.

Bukuru akamsimamisha Kalumu gulioni, watu wakiwa wengi. "Kama kweli wewe ni mwanamieleka na si mumiani, njoo tukamatane." Nikatafsiri. Kalumu akatikisa kichwa, akaenda zake. Lo! Kukataa kwake kukawa ushahidi wa pili.

Baada ya siku chache akaja mwenyewe kwa baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, ambaye kwake ndiko mashauri ya ukoo yanakoamuliwa. Akasema amekubali, maana dada yake anakaa peke yake zahanati, na wajawazito wanabaki nyumbani kuugua. Baba mkubwa akamkaribisha kiti, akatuita Bukuru na mimi mkalimani, akatoa kibuyu cha pombe ya ndizi. Akauweka mrija kinywani, akavuta yeye kwanza kama ilivyo desturi, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu, kisha akampa. Kalumu akanywa. Bukuru alipofikiwa akasema tumbo linamuuma.

Tukamuuliza yale makovu. Akasema alijichana mwenyewe kwa wembe, miaka mingi, ili watazamaji waone damu. Tukatazamana. Tukamuuliza kwa nini anawatendea wenzake unyama. Akasema kule ugenini, Ujapani na Meksiko, yeye ni mgeni, na mgeni hupewa kazi ya kuwa mtu mbaya. Watu hulipa kiingilio ili wamzomee. Wale anaowapiga, jioni hula nao sahani moja. Mwanangu, majibu hayo yalituzidishia tu mashaka. Mtu anayepigana na wewe mbele za watu na kula na wewe gizani, huyo utamwekea mlango wazi?

Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie ndugu yako," akasema, "shingo yangu ina ufa. Daktari amenikataza kucheza. Akinibwaga kwa kichwa, sitasimama tena maisha yangu. Anibwage kwa mabega. Namwomba." Akainamisha kichwa, akatuonyesha nyuma ya shingo palipokuwa na mshono mrefu.

Nikatafsiri neno kwa neno. Bukuru akanivuta nje, nyuma ya banda la mbuzi.

"Anatuzuga," akasema. "Anataka nimshike kilegevu, halafu anibwage mimi. Si umeona unga machoni?"

"Ni kweli," nikasema. "Kazi yake ni udanganyifu, amekiri mwenyewe. Usimlegezee."

Hatukujua kwamba baba mkubwa amesimama upande wa pili. Hakupaza sauti. Angepaza, nisingeumia kama nilivyoumia.

"Mnajiona wajanja," akasema. "Mimi nimeonja pombe kwanza ili mgeni asinitilie shaka. Na yeye ameonja kwanza mbele yenu, hamkumwona? Mwongo huficha panapomuuma. Mficha uchi hazai, na huyu amewafunulia wake. Bukuru, wewe umewafunulia watu nini? Mkeo anakauka ndani, na unaona haya kusema kwamba unaogopa."

Bukuru akaokota jani la mgomba, akalichana vipande mpaka likaisha.

Siku ya pambano walikuja watu kutoka Kasulu mjini, hata wenye maduka walifunga. Kalumu akavua shati. Wakakamatana, wakazungushana, vumbi likapanda. Nguvu walilingana, hilo nasema bila kumpendelea ndugu yangu. Mwisho Bukuru akamwingia chini, akamnyanyua juu, miguu ikaelekea mbinguni na kichwa kikatazama ardhi. Watu wakalipuka, "Bwaga! Mbwage!"

Hapo, mwanangu, Kalumu aliachia mikono. Hakushika shati, hakushika shingo ya mwenzake, hakupiga teke. Alining'inia tu mikononi mwa Bukuru, akafumba macho. Nilijua maneno niliyomwambia kaka yangu nyuma ya banda, na kama yangemwingia, mtu angevunjika pale mbele yangu. Nikapiga kelele, "Mabega, Bukuru!" lakini hakuna aliyenisikia.

Bukuru akasita. Akamgeuza taratibu, akapiga goti moja, akamlaza mgongo wake chini.

Uwanja ukazomea. "Mmepanga! Umehongwa!" Tangu siku ile, mpaka leo, wapo wanaomwita kaka yangu aliyenunuliwa na mzungu. Mtu aliyeshinda, akarudi nyumbani kwa kuzomewa! Yeye akampa Kalumu mkono akamwinua.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani, amemfunika Yustina kanga mabegani vizuri, anamshika mkono kuelekea zahanati, njia ile ambayo kijiji kizima kinaiona. Nikamuuliza, "Kaka, huogopi tena?"

"Naogopa," akasema. "Lakini nilipombeba jana niliusikia moyo wake unavyodunda. Aliogopa kuliko mimi, na bado akaachia mikono. Mtu amenikabidhi shingo yake, Butoyi. Nami nitashindwaje kumkabidhi dada yake mkono wa mke wangu, atoe hiyo damu?"

Wakaenda. Yustina alipimwa, akapewa dawa, na mtoto aliyemzaa ndiye huyo mnayecheza naye mpira. Wanawake wengine walifuata mmoja mmoja, wakiangalia nyuma. Kalumu aliondoka kabla ya mvua. Dada yake alituambia baadaye kwamba ameacha kupigana, anawafundisha vijana wa huko kwao namna ya kuanguka.

Basi, mwanangu, sikwambii uwe mjinga. Funga mlango wako, uliza mgeni atokako, na mtu anayekusifia sana mtazame mikono. Mashaka ni mbwa mzuri wa kulinda boma. Lakini atakapotokea mtu akakuonyesha mahali anapoumia, mwite mbwa wako arudi. Usiitafute hila ndani ya unyonge wa mwenzako, na usingoje dunia nzima ikubaliane nawe ndipo utende haki, maana unaweza kutenda haki na bado ukazomewa.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, na akupe kujua wakati wa kuilegeza. Akupe uzao mwingi, akuepushe na husuda, na siku utakapobebwa juu na wengine, akujalie watakaokushusha salama.